Tumbo la Osmund

Mwanangu wa mwisho ana tabia mbaya ya kupuliza bablishi. Juzi ilimpasukia puani nikiwa namenya viazi jikoni. Ile harufu ikanifikia, harufu ya tunda ambalo mpaka leo sijui ni tunda gani. Nikamwambia atoke nje. Akaniuliza, "Kwani mama, bablishi imekukosea nini?" Nikasema haijanikosea kitu, katafunie uani. Uongo mtupu. Nilibaki nimeshika kisu, viazi vinageuka rangi mezani, na mimi nimesharudi Mfaranyaki, mtaa wetu wa Songea, nina miaka saba, nimebana miguu, namsubiri mdogo wangu.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa miaka ile. Kwanza hapakuwa na kitu, halafu ghafla pakawa na kila kitu. Mama alikuwa akitusimulia jinsi walivyofua nguo kwa majani ya mpapai sabuni ilipoadimika, na ule mpapai ulikuwa bado umesimama uani kwetu, mrefu, umepinda, kama vile unangoja kuambiwa kwamba kazi yake imekwisha. Mimi sikuikuta dhiki yenyewe, nilikuta makombo yake tu. Nilichokuta ni ruksa ya kuingiza bidhaa: sabuni zilizovikwa karatasi, dawa ya meno yenye mistari, na marobota ya mitumba yakishushwa sokoni huku watu wazima wakikimbia kama watoto.

Marobota ya kwanza kuyaona kwa karibu yalikuwa ya jirani yetu, Mama Kamwene. Alikuwa Mhehe wa Iringa, aliyeletwa Songea na mume dereva wa lori. Mume akaondoka na lori lake, Mama Kamwene akabaki na biashara yake. Jina lake halisi nililijua nikiwa mkubwa. Sisi tulimwita hivyo kwa sababu ya salamu yake ya kwao, "Kamweneee!", aliyoivuta asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya milima ya Matogoro, mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka. Alikuwa na mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Robota likikatwa uani kwake, harufu ya dawa ya nguo ikavuka hadi kwetu, mimi niliiona hiyo ndiyo harufu ya Ulaya.

Yeye na baba walikuwa watani. Wanangu wa leo hawaelewi, wanadhani utani ni kuchekeshana. Sasa wajue kwamba Wangoni na Wahehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na tangu hapo wakaridhika na kutukanana. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kumbeba kuku wako bandani, anaweza kuja msibani akamsema marehemu mbele ya jeneza, na wewe kazi yako ni kucheka, na ukipata nafasi ulipize. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kunyoosha kola, asiyeinua sauti hata kwa mbuzi aliyeingia bustanini. Lakini akimwona Mama Kamwene, mdomo ulimfunguka, maana Wahehe husemwa wanakula mbwa, na sisi Wangoni panya.

"Mama, mbwa wa balozi simwoni siku ya tatu leo. Mmemmaliza?"

"Rudi ndani Mwalimu, panya wako anaungua jikoni!"

Na mimi nilikuwemo. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo Mama," naye aliitikia, "Marahaba, mla panya." Nilipenda mno. Watoto wengine waliitikiwa marahaba tupu, mimi yangu ilikuwa na kiungo.

Basi siku moja Mama Kamwene akarudi kutoka Dar es Salaam alikokwenda kuchukua mzigo, akaniletea bablishi. Moja, ya rangi ya waridi. Niliitafuna kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Wakati wa kulala niliibandika kwenye chaga ya kitanda, asubuhi naibandua, naendelea. Jumapili baada ya misa utamu wote ulikuwa umekwisha, imebaki harufu. Mama alikuwa amekaa mkekani karibu na mpapai, miguu imemvimba, tumbo limemtangulia kila aendako. Akanusa. "Edita, hebu nionjeshe." Mjamzito hanyimwi, hilo hata mtoto analijua. Nikaikata kwa meno, nikampa nusu.

Aliitafuna amefumba macho. Nami nilikuwa namwangalia, nafurahi kwamba nina kitu ambacho mama hana. Mara Mama Kamwene, kutoka ng'ambo ya ua wa matete, akatupa neno kuhusu suruali ya baba ya kwendea kanisani. Neno lenyewe nimelisahau. Nakumbuka tu mama alivyocheka, mwili mzima, halafu akanyamaza na kushika koo. "Haa! Nimeimeza!" Wakaangua kicheko upya, wote watatu, pamoja na baba aliyekuwa mlangoni. Mimi sikucheka. Kila mtu mzima wa Mfaranyaki alikuwa amekwisha kutuambia watoto kwamba bablishi ukiimeza inagandisha utumbo. Nilitazama tumbo la mama, nikaona kitu kinasogea ndani yake, kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Osmund alizaliwa wiki hiyohiyo. Walimleta nyumbani kesho yake amefungwa kwenye khanga mbili, na bibi yangu mzaa baba alikuwa amekwisha kuja kutoka Lusewa na unga wake na mafuta yake ya kumkanda mzazi. Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfungua mtoto, akamtazama mbele na nyuma, akamfunga. Kila mwanamke aliyekuja kumwona mzazi aliuliza swali moja, "Ameshapata choo?" Bibi alijibu, "Bado." Wa pili akauliza, bado. Siku ya pili bado. Kile choo cheusi cha kwanza, ambacho kila mtoto huja nacho duniani, Osmund hakuwa nacho. Akinyonya anatapika, na matapishi yake yalikuwa ya kijani, kijani cha maji ya kisamvu. Tumbo lake lilivimba mpaka likang'aa. Niliruhusiwa kuligusa kwa kidole kimoja tu. Lilikuwa gumu.

Ndipo Mama Kamwene akaingia na khanga yake ya kutolea pongezi. Alikuwa sokoni kutwa nzima, hakujua lolote. Akamkuta bibi ameinamia kitoto, akamsikia akisema kwamba choo bado, na ulimi wake ukafanya kazi iliyozoea.

"Atapataje choo na dada yake kamlisha mama bablishi! Edita, mla panya wewe, umemziba mwenzio! Hamtaki mpunguziwe ugali, eh?"

Wanawake wakacheka. Hata mama, alivyokuwa amechoka, alitabasamu, maana mtani akishasema umeshasemwa. Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyesema, mtoto, huo ni utani. Nani angesema? Kila mtu alijua.

Mimi sikujua. Ni kwamba mambo yote yalikuwa yamejipanga vizuri mno: bablishi ni yangu, nusu nilikata mimi kwa meno yangu, mama aliimeza nikiona kwa macho yangu, na utumbo umeganda kama tulivyoambiwa. Nilichokuwa nakosa ni mtu mzima wa kulisema, na sasa amelisema, tena mbele za watu.

Asubuhi iliyofuata baba alipata gari la mizigo linalokwenda upande wa hospitali ya misheni. Kabla hawajapanda, bibi alichukua maji kwenye kikombe cha bati, akamnyunyizia mtoto utosini, akambatiza palepale uani, chini ya mpapai, Osmund, jina la babu. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba mtoto anayebatizwa bila padre ni yule ambaye huenda hatamwona padre. Mama alipanda mbele, akiwa amejifunga tumbo kwa khanga. Bibi na baba wakapanda nyuma. Mimi nikaachwa kwa Mama Kamwene.

Siku zile zimebaki kichwani mwangu kama kitu nilichokitazama kupitia maji. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na nyumba yetu ng'ambo ya ua ilionekana nusu, mara paa, mara mlango. Nilikuwa nakaa juu ya robota, nimevaa koti la mtoto wa Kizungu lenye kofia, namwona Osmund kwa ndani. Nilimwona waziwazi. Tumbo lake lilikuwa chumba, na katikati ya chumba bablishi yangu ya waridi, inavuta pumzi, inavimba taratibu, inajaa kona zote, na alama ya meno yangu bado ipo ubavuni mwake. Nilijaribu kuipasua kwa mawazo. Haikupasuka.

Baba alikuwa akituma habari kupitia madereva. Ya kwanza: wamempasua. Ya pili: yu hai, analishwa kwa mshipa, choo bado. Ya tatu: choo bado. Nikiwa juu ya robota langu nikakata shauri. Kama Osmund hapati choo, na mimi sipati. Tutasubiriana. Sikujua namna nyingine ya kumwomba radhi mtu asiyejua kusema, na kwa akili zangu niliona Mungu hatakubali watoto wawili wa nyumba moja wazibe kwa pamoja, lazima atashtuka.

Jamani, msicheke. Jaribuni siku nne. Siku ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili nikaacha kula ili nisijiletee majaribu. Mama Kamwene akanisogezea sahani: "Kula, mla panya, hii nyama si mbwa, nimeinunua." Nikatikisa kichwa. Ya tatu nilitembea nimeinama. Ya nne, mchana, nilikuwa nimejikunja kwenye mitumba, jasho linanitoka na baridi yote ile. Mama Kamwene akanishika tumbo. Mkono wake ukasimama.

"Edita. Lini umekwenda chooni?"

Nikavuta kofia ya koti usoni.

"Nakuuliza wewe."

"Namsubiri Osmund," nikasema. "Akienda yeye na mimi nitakwenda. Mimi ndiye niliyemziba."

"Nani amekudanganya maneno hayo?"

"Wewe."

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimeona watu wakipewa habari za kila namna, lakini uso wa Mama Kamwene siku ile sijauona kwa mtu mwingine. Alikaa chini, sakafuni, mwanamke mkubwa vile. Halafu akaanza kulia, na mimi nikaogopa zaidi, nikajua basi, ni kweli.

Kesho yake hakufungua meza sokoni. Alinibeba mgongoni kwa khanga, mtoto wa miaka saba, miguu yangu ikimgonga magotini, akasimamisha magari mpaka moja likatuchukua. Hospitalini alimtafuta Sista mmoja muuguzi, mama wa makamo mwenye mikono mikavu, akamweleza yote bila kujificha. Alisema, "Sista, nimemtania mtoto, na mtoto ameamini. Mimi akinisikia hataniamini tena. Mwambie wewe."

Sista hakucheka. Alitoka nje, akarudi na mabua mawili ya majani ya mpapai, yale ambayo sisi watoto tulipulizia kama filimbi. La kwanza alilikata huku na huku. "Puliza." Nikapuliza, hewa ikapita. La pili akalikata upande mmoja, upande wa jani akauacha na kifundo chake. "Puliza." Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Haikupita.

"Nani kaweka kitu humu ndani?" akaniuliza.

Nikachungulia. Ndani palikuwa peupe, pasafi. "Hakuna."

"Hakuna. Ndivyo lilivyoota. Utumbo wa mdogo wako una sehemu ambayo haikufunguka wakati anaumbwa, akiwa hajafika hata ukubwa wa dole gumba. Wewe bablishi ulimpa mama lini?"

"Jumapili."

"Jumapili alikuwa mtoto kamili, anasubiri kutoka. Na mtoto aliye tumboni hali anachotafuna mama yake. Daktari amekata pale palipofunga, ameunga. Alikuta ndivyo palivyoota, hakukuta bablishi." Akaniinamia. "Tena angeikuta ningeiona, maana mimi ndiye niliyeshika taa."

Nadhani ni ile taa iliyoniponya. Mtu aliyeona kwa macho. Nikayashika yale mabua mawili, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Sista, nataka kwenda chooni."

"Mbio!" akasema.

Osmund nilimwona baadaye kupitia dirisha la wodi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, amefungwa bendeji kiunoni, mama amekaa pembeni anamchezesha kidole. Alikuwa bado hajapata choo. Tulirudi Songea hivyohivyo, mimi nimelala mapajani mwa Mama Kamwene.

Habari aliileta baba mwenyewe siku mbili baadaye. Tulimsikia kabla ya kumwona, anakuja na baiskeli ya kuazima katikati ya ukungu, anapiga kelele mtaa mzima. Baba yangu, Mwalimu, mtu wa kola, aliyenichapa siku moja kwa kusema neno chafu mbele ya wageni.

"Kanya! Jamani, kanya! Osmund kanya!"

Wanawake walitoka majikoni na miiko mikononi. Vigelegele vilivyopigwa Mfaranyaki asubuhi ile sijavisikia hata harusini kwangu. Mama Kamwene alicheza uani peke yake, khanga imemdondoka, akirudia lile neno kama kiitikio.

Hapo hadithi ingeweza kuisha, na watu wa nyumbani wanaishiaga hapo. Lakini kuna kilichobaki ambacho hawakukiona. Osmund alirudi na kovu la kukatiza tumbo, akakua, na Mama Kamwene akambandika jina la Kizibo, ambalo analo mpaka leo na ndevu zake. Baba alitukanwa hadi uzeeni. Mama alitukanwa. Bibi wa Lusewa alitukanwa kila mavuno. Mimi, asubuhi baada ya ile habari, nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo Mama." Nikasubiri.

"Marahaba, mwanangu."

Nilidhani amesahau. Kesho yake ikawa vilevile. Alikuwa amejiwekea nadhiri, na hakunieleza. Kwangu mimi ulimi wake ulivaa nguo za Jumapili: mwanangu, mama, pole, karibu. Alinipa magauni mazuri kuliko yote ya robota. Siku ya harusi yangu, watani walipozuia gari na kunisema mpaka shangazi zangu wakaziba masikio, yeye alinifunika khanga mabegani na kuniombea. Nililia sana. Watu wakasema bibi harusi analilia nyumbani. Wapi! Nilikuwa namlilia mtani wangu. Alinipenda, hilo najua, lakini alinipenda kama mgeni, na mimi sikupata ujasiri wa kumwambia, Mama, nilishapona, nitukane tu.

Mwaka huu Osmund akanipigia simu. "Dada, Mama Kamwene yuko vibaya. Njoo." Nilimkuta kwenye nyumba aliyohamia, mtaa wa Lizaboni, amekuwa mdogo, kitanda kimemzidi. Kicheko kilikuwa kimebaki machoni tu. Nikapiga magoti.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikafungua mkoba. Nilikuwa nimeinunua stendi, sijui hata nilifikiri nini. Nikaitoa kwenye karatasi, ya rangi ya waridi, nikaikata kwa meno mbele yake, nusu nikaiweka kiganjani mwake. Harufu ikapanda kati yetu. Aliitazama muda mrefu. Osmund aliyekuwa mlangoni akaacha kuongea na simu. Kisha nikaona mabega ya Mama Kamwene yanatikisika chini ya blanketi, na nikadhani analia.

"Mla panya wewe," akasema. "Mdogo wako alikushinda, sasa umekuja kuniziba mimi?"

Nilicheka mpaka nikalala juu ya miguu yake. Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu nina miaka saba, na jibu lake nilikuwa nalo tayari.

"Kafie mbele huko, mla mbwa!"

Alikufa Jumatano, mimi nikiwa njiani kurudi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na sijutii hata moja.